Mchuuzi wa Fauli

Mtu akitumia sheria kupata kitu ambacho sheria haikukusudia kumpa, ameiba au amecheza vizuri? Swali hili limegawanya kinyozi yetu hapa Umoja tangu msimu wa NBA wa 2024-25. Mimi nadhani watu wanalibishania kwa nguvu hivyo kwa sababu si swali la basketboli peke yake.

Mshtakiwa ni Shai Gilgeous-Alexander, yule Mkanada wa Oklahoma City Thunder. Msimu huo alifunga wastani wa pointi 32.7 kwa mechi na kuongoza ligi nzima. Timu yake ilishinda mechi 68 kati ya 82. Akachaguliwa mchezaji bora wa msimu mbele ya Nikola Jokić, ambaye naye alikuwa na wastani wa zaidi ya kumi kwenye pointi, ribaundi na asisti. Kisha alfajiri ya tarehe 23 Juni 2025, saa za Nairobi, Thunder wakawapiga Indiana Pacers 103-91 katika mechi ya saba ya fainali, na Shai akabeba tuzo ya mchezaji bora wa fainali pia. Kwa mtu mwingine kesi ingeisha hapo. Lakini mashabiki wa timu pinzani walikuwa wameshambatiza jina ambalo kwa lugha yetu ni kama hili: mchuuzi wa mitupo huru. Yaani biashara yake ni kutafuta fauli. Anaguswa kidogo, filimbi inalia, anasimama kwenye mstari, anatupa bila mtu wa kumkaba, anahesabu pointi zake, anarudi nyuma.

Kwa kinyozi, upande wa mashtaka unaongozwa na mwenye mashine mwenyewe, mfuasi wa Jokić. Yeye husema Shai alipaswa kuwa Riverwood, si Oklahoma. "Buda, ukimpulizia pumzi anaanguka." Upande wa utetezi ni jamaa wa nduthi ambaye huegesha hapo nje akingoja wateja. Hoja yake ni moja na haibadiliki: "Refa amepuliza? Amepuliza. Sasa wewe unalia nini?"

Mimi nimekaa pande zote mbili za hiyo benchi. Ninachotaka kufanya hapa ni kuwachukulia hawa wawili kwa uzito, kwa sababu kila mmoja ana kitu.

Tuanze na mtu wa nduthi. Hoja yake si ya kipumbavu. Mchezo ni sheria zake. Ukitoa sheria, kinachobaki ni watu kumi warefu wanaokimbizana na mpira. Kama sheria inasema ukimgusa mtu anapotupa ni fauli, basi kujua namna ya kumfanya mwenzako akuguse ni ufundi kama ule wa kudribo. Na kuna jambo ambalo mashabiki wa Jokić hupenda kulisahau: msimu huohuo, Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee alikwenda kwenye mstari mara nyingi zaidi kwa mechi kuliko Shai. Mbona hakuna anayemwita mchuuzi? Kwa sababu Giannis anaingia ndani kama lori la mchanga. Unaona kwa macho kwamba kuna ajali. Shai ni mwembamba, anateleza, anasimama ghafla, na anayemkaba anajikuta amempanda mgongoni. Hatuhesabu fauli, tunahesabu jasho. Huo si uamuzi wa haki, ni uamuzi wa macho.

Sasa mwenye mashine. Yeye husema kuna tofauti kati ya kupata fauli na kuitafuta, na historia ya mchezo iko upande wake kidogo. James Naismith alipobuni basketboli Desemba 1891, katika shule ya mafunzo ya YMCA kule Springfield, Massachusetts, aliandika sheria 13, na mtupo huru haukuwemo. Timu moja ikifanya fauli tatu mfululizo bila wenzao kufanya hata moja, wale wengine walihesabiwa goli. Mtupo huru ulikuja baadaye, kama fidia: ulikuwa karibu kufunga, mtu akakuzuia kwa njia mbaya, basi chukua nafasi yako uliyonyimwa. Fidia ni kitu kizuri. Shida ni kwamba fidia ikishakuwa nono, kuna watu wataanza kutafuta kuumizwa.

Na si wachezaji tu. Mwaka 1997, Don Nelson, kocha wa Dallas Mavericks, aliona kwamba Dennis Rodman wa Chicago Bulls hutupa mitupo huru vibaya. Akamtuma kijana aitwaye Bubba Wells amfanyie fauli makusudi, tena na tena, ili Bulls wapate mitupo mibovu badala ya mashambulizi mazuri. Sheria iliyowekwa kumlinda anayeonewa ikageuzwa kuwa silaha ya kumwonea. Wells alimaliza fauli zake sita ndani ya dakika tatu hivi, akatolewa. Rodman, kwa furaha ya dunia nzima, akaingiza tisa kati ya 12.

Tangu hapo NBA imekuwa ikiwakimbiza wajanja kama kanjo anavyowakimbiza wachuuzi, kila msimu kona mpya. Kabla ya msimu wa 2021-22, baada ya miaka ya kina James Harden, marefa waliambiwa wasimpe fauli mtupaji anayejirusha pembeni au nyuma kwa namna isiyo ya kawaida ili amgonge anayemkaba. Msimu wa 2023-24 ikaja adhabu ya papo hapo kwa kujiangusha: wapinzani wanapewa mtupo mmoja. Sheria inaandikwa, mjanja anaisoma, anapata mwanya, sheria inaandikwa upya.

Kwa hiyo nani ana haki? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa la mtu wa nduthi. Kilichonifanya nilikague upya si basketboli. Ni deni.

Mimi huandika kwa kulipwa. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo nakula kwa kalamu, siku nyingine vizuri, siku nyingine chai kavu. Mwaka jana niliandikia tovuti moja makala nne. Mkataba ulisema nitalipwa siku 30 baada ya makala "kuchapishwa." Mbili zilichapishwa, nikalipwa. Mbili nyingine hazijachapishwa hadi leo. Hazikukataliwa. Hakuna aliyesema ni mbaya. Zimekaa tu mahali fulani, na kila nikiuliza najibiwa kwa upole sana kwamba bado hazijachapishwa, ambayo ni kweli. Hakuna uongo hata mmoja uliosemwa. Ukienda kwa refa yeyote, atausoma mkataba na kuniambia sijaguswa. Hiyo ilikuwa kodi ya mwezi.

Sasa niambie. Kama namtetea Shai kwa kusema "sheria inaruhusu," nitamlaumu vipi yule mhariri? Na kama nasema mhariri amenionea, si lazima basi nikubali kwamba mwenye mashine amekuwa sahihi muda wote?

Nimelizungusha hili kichwani kwa miezi, na naona kuna tofauti ya kwanza ambayo ni ya kweli. Uwanjani, wote wanazijua sheria, wote walikubali kucheza, na sheria hizohizo zinafanya kazi upande wa pili. Anayemkaba Shai leo atatafuta fauli yake kesho. Hakuna timu inayoandika sheria asubuhi na kuicheza jioni. Kwenye mkataba wangu, mmoja wetu ndiye aliyeandika sheria, na ndiye aliyekuwa na mpira, na ndiye anayeamua lini mechi imeanza. Mimi nilitia sahihi kwa sababu kodi ilikuwa inakaribia. Ujanja kati ya watu walio sawa mbele ya refa ni mchezo. Ujanja wa anayeshika sheria dhidi ya asiye na la kufanya ni uonevu, hata kama maneno ya sheria ni yaleyale.

Hiyo inamsaidia Shai. Lakini haimalizi kesi, kwa sababu ndani ya neno "fauli" kuna vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna kumwalika mwenzako akuguse: unamdanganya unatupa, anaruka, unatupa akiwa hewani juu yako. Amekugusa kweli. Ulimtega, ndiyo, lakini mguso ni wa kweli na refa akipuliza amesema kweli. Halafu kuna kuigiza mguso: kurusha kichwa nyuma kama umepigwa kofi wakati mkono ulipita hewani. Hapo refa akipuliza amesema uongo, na wewe ndiye uliyeuweka mdomoni mwake.

Cha kwanza nakitetea mpaka mwisho. Cha pili sikitetei, awe ni Shai, Harden au nani, na sababu yangu si kwamba timu pinzani inapoteza pointi mbili. Pointi mbili zitarudi. Sababu yangu iko Detroit.

Jumapili ya tarehe 27 Aprili 2025, Pistons walikuwa nyumbani dhidi ya New York Knicks, mechi ya nne ya raundi ya kwanza. Knicks walikuwa mbele 94-93. Sekunde za mwisho kabisa, mpira ukamfikia Tim Hardaway Jr. kwenye kona. Akajifanya anatupa, Josh Hart akaruka na kumgonga mwili. Filimbi haikulia. Mechi ikaisha. Baadaye kiongozi wa marefa akakiri, baada ya kutazama upya, kwamba ilikuwa fauli na ilipaswa kuitwa. Ingekuwa mitupo mitatu, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja. Kukiri hakukubadilisha matokeo. Knicks walifunga kazi katika mechi ya sita.

Hakuna anayeweza kuingia kichwani mwa refa yule. Lakini fikiria kazi yake. Msimu mzima ametazama watu wazima wakirusha vichwa. Amezomewa kwa kuwaamini. Amefundishwa kuwashuku. Na sasa, sekunde ya mwisho, mtu anaanguka mbele yake tena. Kila mwigizaji aliyetangulia amesimama kati ya refa na Hardaway.

Katika ile miaka miwili ya chuo, kitu kimoja kilichonibakia ni hoja ya Immanuel Kant kuhusu ahadi za uongo. Mtu anakopa akijua hatalipa. Kant alisema: hebu fikiria kila mtu afanye hivyo. Hakuna mtu angeamini ahadi tena, na huo ujanja wenyewe ungekufa, kwa sababu uongo unaishi kwa kutegemea watu wanaosema kweli. Fauli bandia ni hivyohivyo, kama noti bandia. Noti bandia inanunua kitu kwa sababu tu noti halali zipo. Na zikizidi, anayeumia si tajiri. Ni mama wa mboga pale Mutindwa ambaye anakataa elfu yako halali kwa sababu jana alichomwa.

Kwa hiyo aliyejiangusha hakumwibia mpinzani wake peke yake. Alitumia imani ambayo si yake, imani ambayo mtu mwingine atakayeumizwa kweli kesho ataihitaji na kuikuta imeisha.

Najua hili kwa sababu nimeliona bila marefa kabisa, kwenye simiti ya mtaani.

Jumamosi tunacheza kwenye uwanja mmoja hapa Eastlands, ringi moja ina wavu, nyingine haina. Hatuna refa. Anayefanyiwa fauli ndiye anaita: "Fauli!" Mpira unasimama, watu wanabishana dakika moja, mchezo unaendelea. Watu wa mtandaoni husifu sana hii aina ya mchezo, ati ni safi, ati hakuna uchuuzi. Kuna ukweli. Msee anayeita fauli za uongo anajulikana upesi, na siku timu zikichaguliwa anabaki amesimama kando akifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Gharama ya uongo inamrudia mwenyewe, jirani kwa jirani.

Lakini tusijidanganye. Kwenye simiti yetu, neno la mtu lina uzito kulingana na mtu. Jamaa mrefu mwenye sauti akiita, imepita. Kijana wa fomu tatu akiita, anaambiwa acha kulia. Na kuna dada mmoja anayecheza nasi, mkono wake wa kushoto ni bora kuliko wa wengi wetu, ambaye kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia akiita fauli hata moja. Anachapwa. Nimeona anachapwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini haiti, akanijibu huku akinywa maji, bila hata kunitazama: "Nikiita mtasema ninajiangusha."

Hapo ndipo hoja ya mwenye mashine na ile ya mtu wa nduthi zinakutana. Tunahitaji refa, si kwa sababu ya wenye nguvu, wao wana sauti zao. Tunamhitaji kwa ajili ya yule ambaye akisema ameumizwa hatuamini. Refa ni macho ya wote yaliyokopeshwa mtu mmoja. Ndiyo maana kumdanganya ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana kwenye marudio ya video, na ndiyo maana "refa amepuliza, unalia nini" haitoshi. Refa anaweza kuwa amepuliza kwa macho uliyoyafumba wewe.

Wakenya hatuhitaji kuelezwa umuhimu wa hili. Hapa hata tume ya uchaguzi tunaiita refa, na tangu mwenyekiti na wenzake waliobaki waondoke Januari 2023 tulikaa bila makamishna mpaka Julai 2025. Tumezoea kuishi na filimbi tusizoziamini, na tulichojifunza ni ujanja. Mat inapanda upande usio wake Jogoo Road, na abiria ndani tunamsifu dereva kwa sababu tunachelewa. Anayefuata foleni ndiye fala. Ukiuliza, kila mtu atakwambia marefa walianza. Labda ni kweli. Lakini siku ambulensi halisi inapopiga king'ora nyuma yetu, hakuna anayesogea, kwa sababu wote tumeshasikia ving'ora vya waheshimiwa wanaowahi chakula cha mchana.

Nirudi kwa Shai, maana wasee wa kinyozi watataka hukumu. Hukumu yangu ni hii. Ubingwa wake ni halali na mitupo yake mingi ni ufundi wa kumtega mtu ambaye naye alikuwa anamtega. Kwa hiyo nitaendelea kuweka alamu ya saa tisa usiku. Lakini kichwa kikirushwa nyuma bila mguso, nitasema ni uongo, hata kama ni wa timu yangu, hata kama filimbi imelia. Mtu wa nduthi anasema huko ni kukaa juu ya ua, mguu huku na mguu kule. Mwenye mashine anasema nimeongea Kizungu kingi na bado sijakubali kwamba Jokić aliibiwa tuzo. Sawa tu.

Kwenye simiti tulijaribu kitu. Mmoja wetu alipendekeza tugeuze: badala ya anayefanyiwa fauli kuita, anayeifanya ndiye aite. Watu walicheka. Wiki ya kwanza ilikuwa mechi chafu kuliko zote, hakuna aliyeita, na kuna kijana alitoka na mdomo umevimba. Wiki ya pili tuliita mbili au tatu, kwa aibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Sijui kama kanuni hii itadumu. Ina wapinzani wake, na hoja zao si mbovu: asiye na aibu atashinda kila siku.

Dada yetu bado haiti. Lakini Jumamosi iliyopita alichapwa mkononi akienda kufunga, na kabla hajaufikia mpira, jamaa aliyemchapa akainua mkono wake mwenyewe. "Yangu." Akapewa mpira juu. Akaupokea, akaudunda mara mbili, akaanza upya.